Wanandoa ughaibuni: Mkipishana mlangoni kila siku, ndoa inalelewa na nani?

NI saa mbili na nusu usiku mjini Leicester, Uingereza. Mwezi ni Desemba, na nje giza liliingia tangu saa kumi jioni. Mke anafungua mlango akiwa na sare ya uuguzi chini ya koti zito. Mume yuko kwenye korido, ameinama anafunga kamba za viatu.

Wana dakika ishirini kabla mume hajaenda kuwahi basi la kazini.

"Mdogo anakohoa. Wali uko kwenye sufuria. Kuna barua ya halmashauri mezani, sijaielewa," anasema mume.

"Sawa. Umekula?"

"Nitakula huko."

Mlango unafungwa. Asubuhi, saa moja kasoro robo, mambo hugeuka. Mume anaingia akiwa na macho mekundu ya kukesha, mke anatoka akikimbilia zamu yake ya saa moja na nusu. Kitanda chao hakipoi, lakini ni mara chache wanalala pamoja.

Wanandoa hawa hawana majina kwa sababu ni mfano tu, si watu fulani. Hata hivyo, msomaji mwenye kaka, dada au mtoto aliyehamia Uingereza atawatambua haraka.

Mke ni muuguzi aliyefanya kazi Morogoro kwa miaka tisa. Mume alikuwa mwalimu wa sekondari. Watoto wao ni wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine mitatu. Aliyepata viza ya kazi ni mke, kupitia viza ya wahudumu wa afya ambayo Uingereza iliianzisha Agosti 2020. Viza hiyo inamruhusu muuguzi kwenda na mwenzi wake na watoto walio chini ya miaka 18.

Walijiandaa vizuri. Mke alifaulu mtihani wa kompyuta akiwa Tanzania, kisha mtihani wa vitendo baada ya kufika, akasajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga la huko. Walinunua makoti na kuuza gari, wakaagana na ndugu kwa sherehe.

Jambo moja hawakuliwaza. Hawakuhesabu ni watu wangapi walikuwa wanaibeba ndoa yao bila wao kujua.

Watu waliobaki Morogoro

Nyumbani, dada wa kazi aliamka saa kumi na moja alfajiri, akabandika chai na kuwaandaa watoto. Bodaboda wa mtaani, anayefahamika na kila mzazi, alimpeleka mkubwa shule. Mboga zilitoka kwenye genge la jirani, na kama mfuko umetoboka muuzaji aliandika kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi. Mchana bibi mzaa baba alipita kuona kama wajukuu wamekula.

Na mume na mke wakinuniana, habari zilimfikia shangazi kabla ya siku ya tatu. Shangazi alifika na kisingizio chake cha siku zote, kwamba alikuwa anapita tu. Aliketi, akala, akauliza hili na lile. Alipoondoka, wale wawili walau walikuwa wanasalimiana.

Leicester hakuna mtu anayepita tu.

Kazi zote zilizokuwa za dada, bibi, bodaboda, jirani na shangazi sasa ni za watu wawili. Kupeleka watoto shule, kuwachukua, kupika, kuosha vyombo, kununua chakula, kufua. Hata kuanika nguo ni kazi mpya, kwa sababu wakati wa baridi nguo huanikwa ndani, na usipofungua dirisha kuta huota ukungu.

Shule ya msingi humalizika kama saa tisa na robo alasiri, na mtoto mdogo haachiwi atoke peke yake. Lazima mtu mzima asimame getini. Mara nyingi mtu huyo ni mume.

Mtoto wa miaka mitatu ana haki ya saa 15 za bure kwa wiki katika shule ya awali. England hutoa saa hizo kwa kila mtoto wa miaka mitatu na minne, kwa wiki 38 za mwaka, kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka mitatu. Zikigawanywa kwa siku tano, ni saa tatu kila siku.

Siku mke anapokuwa zamu, saa hizo tatu ndizo usiku wa mume. Akishamwacha mtoto, anarudi mbio, anavuta pazia, analala. Saa sita mchana anatakiwa awe amesimama tena.

Mke naye hufanya zamu tatu ndefu kwa wiki, kila moja ya saa kumi na mbili na zaidi. Mume hufanya usiku minne. Katika siku saba, ile ambayo wote wawili wapo nyumbani na wote wako macho ni moja. Nayo huishia kwenye mashine ya kufulia na foleni ya dukani.

Karatasi inapomwita mume 'mtegemezi'

Kwenye karatasi za uhamiaji, mwenzi wa mwenye viza ya kazi huitwa mtegemezi. Kisheria jina hilo halimfungi sana. Anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote, bila kuhitaji mwajiri wa kumdhamini. Lakini kwa mwanamume aliyezoea kuitwa "mwalimu" na mtaa mzima, neno hilo lina mwiba.

Kazi aliyoipata ni ya ghala, katika eneo la Magna Park karibu na Lutterworth, kusini mwa Leicester. Ni lile ambalo Watanzania wamelipa jina siku nyingi: kubeba boksi. Msimamizi wake ana umri wa wanafunzi aliowafundisha kidato cha nne.

Siku moja mama yake alipiga simu wakati anakaanga vitunguu.

"Mbona nasikia sufuria? Unapika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mkeo yuko wapi?"

"Kazini, mama."

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya, mwanangu." Neno hilo moja lilikaa naye zamu nzima ya usiku.

Mke ana mzigo wake. Morogoro alikuwa muuguzi mwandamizi, wadogo walimwuliza yeye. Hapa ni mgeni anayejifunza majina mapya ya dawa zile zile na lafudhi za wagonjwa. Siku nzima anaongea na wagonjwa, madaktari na jamaa zao. Akifika nyumbani anataka kimya.

Mume naye amekaa siku nzima na mtoto wa miaka mitatu, anatamani mazungumzo ya mtu mzima. Mmoja amechoka kuongea, mwingine amechoka kunyamaza. Kila mmoja anamwona mwenzake kuwa ndiye aliyebadilika.

Kuna jambo jingine ambalo hawalizungumzi ingawa wote wanalijua. Viza ya mume imeshikizwa kwenye ndoa. Uhusiano ukivunjika, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza inapaswa kujulishwa, na kibali cha mtegemezi kinaweza kufupishwa, kwa kawaida hadi siku 60.

Kwa hiyo ugomvi mdogo wa vyombo hubeba uzito ambao Morogoro haukuwa nao. Zipo nyumba ambazo mmoja, akikasirika, humwambia mwenzake kwamba anaweza kumrudisha kwao. Kauli hiyo ikishatoka hairudi. Anayesikia huanza kuishi kama mpangaji ndani ya ndoa yake.

Na pale ambapo kuna kipigo, vitisho au kunyang'anywa hati ya kusafiria, mhusika hapaswi kuvumilia kwa kuogopa viza. Kwa walio England, simu ya bure ya msaada kwa wanawake wanaonyanyaswa na wenzi wao, 0808 2000 247, hupokelewa saa 24. Kwa hatari ya papo hapo, polisi hupatikana kwa namba 999.

Mshahara mkubwa, mwezi mrefu

Ndugu wengi hupiga hesabu ya ughaibuni kwa shilingi. Muuguzi anayeanza katika hospitali za umma England, kwa viwango vya mwaka 2025/26, hulipwa pauni 31,049 kwa mwaka. Baada ya kodi na bima ya taifa, hubaki takriban pauni 2,150 kwa mwezi, kabla ya kukatwa pensheni. Ukizigeuza kuwa shilingi, ni mamilioni.

Lakini kodi ya nyumba, gesi, umeme, nauli na chakula hulipwa kwa pauni. Kodi ya nyumba peke yake inaweza kumeza karibu nusu ya mshahara mmoja. Ile barua ya halmashauri iliyomshinda mume ilikuwa ya kodi ya halmashauri, ambayo kila nyumba hulipa kulingana na daraja lake, kwa kawaida kwa awamu kumi za mwezi.

Viza nyingi za kazi pia huzuia familia kudai posho za serikali, kama ile ya watoto au ya nyumba. Shule ya umma na matibabu havimo katika zuio hilo. Mwenye viza hii haombi posho kwa sababu tu jirani yake anaipata. Kufanya hivyo kunaweza kuharibu kibali chake.

Katikati ya hesabu hizo ndipo ugomvi mkubwa ulipozuka. Kaka wa mume alikuwa anaoa. Kwenye grupu la WhatsApp la familia michango ilikuwa inatajwa mmoja baada ya mwingine, na macho ya wote yalikuwa kwa aliye Uingereza. Mume aliandika pauni 300, akazituma siku hiyo hiyo. Hakumwambia mke.

Mke naye, wiki moja kabla, alikuwa ametuma ada ya chuo ya mdogo wake. Hakumwambia mume.

Jumanne saa nne asubuhi mume aliamka katikati ya usingizi wake wa mchana akitetemeka. Nyumba ilikuwa ya baridi kama friji. Mita yao ya gesi ni ya kulipia kabla, kama LUKU waliyoizoea, na hata salio la dharura lilikuwa limekwisha. Kwenye akaunti ya pamoja hakukuwa na kitu.

Waligombana kwa meseji. Mke aliandika akiwa chumba cha mapumziko hospitalini, mume aliandika akiwa amevaa koti kitandani. Kila mmoja alitaja ndugu wa mwenzake. Yaliyoandikwa yalikuwa mabaya kuliko ambayo wangethubutu kusemezana uso kwa uso.

Kwa siku nne zilizofuata waliongea habari za watoto tu. Mlangoni walipishana bila kuulizana kama kuna aliyekula.

Hakuna shangazi aliyekuja.

'Nani anakusaidia?'

Siku ya tano mume alikwenda na mtoto mdogo Barabara ya Belgrave kutafuta muhogo. Mtaa huo ni maarufu kwa maduka ya Wahindi, na chimbuko la wengi wao ni Afrika Mashariki.

Agosti 1972 Idi Amin aliamuru Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90. Zaidi ya 27,000 waliishia Uingereza. Halmashauri ya Leicester, ikiona wengi wanaelekea huko, ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwataka wasije, kwa maelezo kwamba nyumba na shule zimejaa. Walikuja kwa maelfu. Leo wenyeji wanauonea fahari mji wao kwa sababu ya mitaa kama Belgrave, na muhogo wa kukaanga huuzwa kwenye migahawa kwa jina la "mogo".

Mume alikuwa anamkanya mtoto kwa Kiswahili asishike matango. Bibi mwenye mvi aliyekuwa kwenye kaunta akainua macho.

"Mwache mtoto, baba. Mtoto lazima ashike."

Kiswahili chake kilikuwa cha zamani kidogo, lakini kilinyooka. Alizaliwa Jinja. Alimwuliza mume maswali matatu. Unatoka wapi? Una watoto wangapi? Nani anakusaidia?

Mawili ya kwanza mume aliyajibu upesi. La tatu lilimkwama. Alilipa muhogo wake, akashukuru, akatoka.

Jioni ile alipika muhogo wa nazi. Alimwekea mke sehemu yake, akaifunika kwa sahani, na juu yake akaacha karatasi yenye mstari mmoja: "Kuna mama wa Jinja ameuliza nani anatusaidia. Nimekosa jibu."

Asubuhi aliporudi kutoka ghalani, mke alikuwa siku ya mapumziko. Angeweza kulala. Badala yake alikuwa ameketi jikoni na chupa ya chai, anamsubiri.

Walichokubaliana jikoni

Hawakumaliza kila kitu asubuhi ile. Lakini walianza kwa kuandika, upande wa nyuma wa ile barua ya halmashauri, kazi zote za nyumba na nani anazifanya. Orodha ilijaa. Kila mmoja alikuta kazi za mwenzake ambazo hakuwahi kuziona.

Jambo la kwanza walilokubaliana ni kikao cha nusu saa kila Jumapili. Ratiba ya zamu ya mke hutoka wiki kadhaa kabla, hivyo hubandikwa kwenye friji pamoja na ya mume. Kabla ya jambo jingine lolote, huchagua jioni moja ya wiki ambayo hakuna atakayekubali zamu ya ziada, hata malipo yakiwa mazuri.

Ili kuipata jioni hiyo, wote wawili waliandika barua kazini. Tangu Aprili 6, 2024, mfanyakazi wa England, Scotland na Wales ana haki ya kuomba mpangilio tofauti wa saa za kazi tangu siku yake ya kwanza, na mwajiri anatakiwa kujibu ndani ya miezi miwili. Mwajiri anaweza kukataa akiwa na sababu ya kibiashara. Mke alikubaliwa. Mume aliambiwa asubiri, kisha akahamishwa usiku mmoja.

La pili ni fedha za nyumbani. Walitenga kiasi kimoja cha mwezi kwa pande zote mbili za ukoo. Hakuna anayeahidi mchango kwenye grupu peke yake. Jibu kwa ndugu yeyote, wa mume au wa mke, ni lile lile: "Tumepokea, tutawajibu Jumatatu." Wapo walionuna. Mama wa mume alipoelezwa bei ya gesi, ndiye aliyewatuliza wengine.

La tatu ni simu. Wakati wa baridi Tanzania iko mbele kwa saa tatu, wakati wa kiangazi kwa saa mbili, kwa sababu Waingereza husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wanandoa hawa walichagua Jumamosi mchana kwa simu za wazazi, wakiwa wote wawili mbele ya kamera. Mama huwaona wakiwa wamekaa pamoja. Maswali ya sufuria yamepungua.

La nne lilikuwa gumu zaidi: kutafuta watu. Mitaa miwili kutoka kwao kuna familia ya Wakenya wenye watoto wa rika moja na wao. Sasa Jumamosi moja watoto wote wanne hushinda huku, Jumamosi inayofuata hushinda kule, bila malipo. Kwa mara ya kwanza tangu wahame, wanandoa hawa walitembea mjini wakiwa wawili tu, wakala chipsi kwenye benchi kwa baridi.

Pia walichagua mtu wa kusimama mahali pa shangazi. Ni mzee na mkewe wanaosali nao, waliokaa Uingereza zaidi ya miaka ishirini. Waliwaomba rasmi, kama mtu anavyomwomba mshenga. Makubaliano ni kwamba wakikaa kimya zaidi ya siku mbili, yeyote kati yao anaweza kuwapigia, na mwenzake asione kwamba amesemwa.

Watoto nao wanaona

Mtoto wa miaka sita ndiye aliyewashtua kuliko wote. Shuleni alichora familia yake: mama upande mmoja wa mlango, baba upande wa pili, yeye na mdogo wake katikati. Mwalimu alisifu rangi. Wazazi waliutazama mlango.

Watoto pia huleta mabishano mapya. Mume alilelewa kwa fimbo. Scotland ilipiga marufuku adhabu ya kumchapa mtoto Novemba 2020, na Wales Machi 2022. England sheria bado humwachia mzazi utetezi wa "adhabu ya kiasi", lakini kumwumiza mtoto au kumwachia alama ni kosa, na mwalimu akiona alama anawajibika kutoa taarifa. Baba na mama wanahitaji kukubaliana mapema namna ya kumwonya mtoto, ili asiwepo mmoja anayekataza na mwingine anayeficha.

Afya nayo inataka mpango. Kila familia inapaswa kujiandikisha kwa daktari wa mtaa mara tu inapofika. Ni bure, na mtu hatakiwi kukataliwa kwa kukosa karatasi ya anwani. Kwa ushauri usio wa dharura kuna simu namba 111. Na kwa kuwa jua la huko ni hafifu, wataalamu wa afya wa Uingereza hushauri watu wazima wafikirie kutumia mikrogramu 10 za vitamini D kila siku kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Wenye ngozi nyeusi hushauriwa waifikirie mwaka mzima.

Kwa wanaopanga kuondoka

Kwanza, hakikisheni sheria ilivyo siku mnayoomba, kutoka kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Tangu Machi 11, 2024, wahudumu wanaokwenda kutunza wazee hawaruhusiwi kwenda na mwenzi wala watoto. Na tangu Julai 22, 2025, kazi hizo zimefungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi. Wakala anayewaahidi kinyume chake anataka fedha zenu.

Pili, kabla ya kukata tiketi, kaeni usiku mmoja mwandike orodha ya kila mtu anayewasaidia kwa wiki moja, kuanzia dada wa kazi hadi muuza genge. Mbele ya kila jina andikeni nani atafanya kazi hiyo mkifika. Pakiwa na majina mawili tu, la mume na la mke, jueni mapema kwamba itabidi kitu kipunguzwe: zamu, michango au matarajio.

Tatu, zungumzeni bayana juu ya yule ambaye kazi yake itabaki nyuma. Mume wa mfano wetu hajarudi darasani. Ameomba kazi ya mwalimu msaidizi katika shule ya msingi, na anasubiri cheti cha uchunguzi wa makosa ya jinai ambacho kila anayefanya kazi na watoto hutakiwa kuwa nacho. Mshahara wake hautapita sana ule wa ghala. Lakini atafanya kazi mchana, na watoto watamwita mwalimu.

Ni mwezi Juni sasa, saa mbili na nusu usiku. Nje bado kweupe, na watoto wamelala kwa shida kwa sababu jua halijazama. Mke anafungua mlango na sare yake. Viatu vya mume viko korido, bado havijavaliwa. Yeye yuko jikoni, na mezani kuna sahani mbili.

"Umekula?" anauliza mke.

"Nilikuwa nakusubiri."